Kutia kitambaa rangi kwa maganda ya vitunguu

Haya, karibuni. Leo tunatia rangi kitambaa cha pamba kwa maganda ya vitunguu, yale makavu yanayopeperuka chini ya meza ya muuza vitunguu sokoni. Mwombe tu, atakupa bure, na ukimfagilia atakuongezea. Haya ni ya vitunguu vyekundu vya Mang'ola.

Hii ni marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, gramu 200 ikiwa kavu. Maganda gramu 200 vilevile. Nusu yake inatosha, ila mimi napenda rangi iliyoshiba. Shabu, lile jiwe jeupe la kushikisha rangi, gramu 30, imeshasagwa. Wanaonunua mitandio kwangu shabu hii nawauzia ikiwa imepimwa, lakini hata ya dukani ni sawa. Sufuria iwe ya stili. Ya chuma itaitia rangi giza, na hii ukishaitumia usiipikie chakula tena.

Kwanza marekani ichemshwe saa nzima kwa sabuni na magadi. Kitambaa kipya kina wanga na mafuta ya pamba, rangi haipiti hapo. Ona maji yalivyogeuka manjano! Suuza.

Sasa chai. Ndiyo, chai ya rangi, nzito, bila sukari. Pamba peke yake haishiki shabu vizuri. Ule ukakasi wa chai ndio unaoishikilia. Loweka saa mbili, kamua. Kisha yeyusha shabu kwenye maji ya moto, ongeza maji hadi kitambaa kielee kwa nafasi, zamisha, acha mpaka kesho.

Wakati huo maganda yapo jikoni. Maji yayafunike, moto mdogo, saa moja. Chuja vizuri, kipande cha ganda kikibaki kitaacha doa.

Sasa nisikilizeni hapa. Kitambaa kiingie KIMELOWA. Kikishakauka, kiloweke tena kwenye maji matupu, kamua, kunjua chote, ndipo kiingie. Sehemu kavu hunywa rangi papo hapo, nyingine hubaki nyuma, unapata mabaka, na mabaka hayo hayafuliki. Kimelowa, tena kimekunjuliwa. Hata pindo lililojikunja litabaki na mstari.

Naingiza... geuza, geuza, usiache kona juu ya maji... Samahani, mvuke umeziba kamera. Nafuta. Eh, na moto umepanda, ona inavyotokota! Punguza haraka. Tunataka maji ya moto yasiyochemka. Sawa, yametulia. Hapa tena: kona ile imetoka juu, irudishe chini kwa mwiko.

Saa moja hivi, kisha zima, kipoe humohumo. Mimi nakiacha usiku kucha.

Tazama sasa! Maji mekundu kama divai, kitambaa kimetoka hudhurungi ya dhahabu. Hii naipenda kuliko rangi yoyote ya kopo. Wengi mnaniuliza kuhusu manjano ya bizari. Inashika haraka na inang'aa kweli, lakini jua huimaliza upesi. Kwa nguo ya kuvaa, chagueni vitunguu.

Ukitaka kijani cha zeituni, weka misumari yenye kutu kwenye maji na siki kwa wiki moja. Vijiko viwili vya maji hayo kwenye beseni la maji safi, chovya kitambaa. Kimelowa, jamani! Nachovya kona hii tu... umeona? Imegeuka mara moja. Dakika chache zinatosha, maana chuma kikizidi hula nyuzi za pamba, na nguo itachanika mapema. Suuza sana.

Anika kivulini. Siku mbili tatu baadaye ndipo ufue, kwa sabuni ya mche, mbali na dawa ya madoa. Ndimu nayo usiisogeze, hubadilisha rangi.

Maji ya maganda yaliyobaki usiyamwage. Tia kitambaa cha pili kilichopita kwenye shabu. Kitatoka hafifu, rangi ya asali, na mitandio ya watoto naitia humo.