Nimepata Tano, Shangazi Akanipongeza: Uhandisi Ujerumani Bila Chumvi

Haya, inarekodi. Habari zenu wapendwa. Hapa ni jikoni kwetu hosteli, ghorofa ya tatu, saa tano na robo usiku, na wenzangu wamelala, kwa hiyo nitaongea chini chini. Nasonga ugali huku naongea nanyi. Unga nimeutoa duka la Waghana karibu na stesheni ya treni, na bei msiniulize, nisije nikalia kabla video haijaanza.

Tangu matokeo ya Form Six yatoke mmenijazia meseji. Swali ni lile lile: "Dada, ni kweli Ujerumani chuo bure?" Ngoja niwajibu haraka, maana siyo nililokuja kusema leo; leo nimekuja na hadithi ya mtihani mmoja wa uhandisi. Ada, vyuo vingi vya serikali havitozi. Hapa nilipo mimi, ukanda wa Ruhr upande wa magharibi, nalipa mchango wa muhula usiofika euro 400, na ndani yake mna tiketi ya treni. Ukienda jimbo la Baden-Württemberg, kule Stuttgart na Karlsruhe, sisi tunaotoka nje ya Umoja wa Ulaya tunatozwa euro 1,500 kila muhula. TU München, chuo kikuu cha ufundi cha Munich, nao walianza kututoza mwaka 2024, na bachela inaanzia euro 2,000 kwa muhula. Kwa hiyo kila chuo ukisome chenyewe, usinisikilize mimi wala yule kaka wa TikTok mwenye miwani.

Mimi nilikuja na maneno mawili tu ya Kijerumani niliyoyajua tangu utotoni bila kujua kama ni ya Kijerumani: shule na hela. Na ndiyo hayo mawili yaliyonihangaisha mpaka leo.

Hela kwanza. Kabla ya viza unatakiwa uonyeshe una pesa ya kuishi mwaka mzima. Inawekwa kwenye akaunti maalumu, inafungwa, ukishafika unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Wenyewe wanaiita Sperrkonto. Nilipokuja mimi 2022 ilikuwa euro 10,332. Tangu Septemba 2024 ni 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Piga hesabu kwa shilingi, inapita milioni 30. Baba yangu ni fundi mwashi Tanga. Aliuza kiwanja cha Pongwe, shangazi akakopa kwenye kikoba chao, mjomba akatoa ya ng'ombe. Sasa mtu akiniandikia "bure", nakikumbuka kile kiwanja, kilikuwa na mwembe.

Shule sasa. Kwa cheti changu cha PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, niliambiwa nisiingie chuo moja kwa moja, nipite kwanza Studienkolleg, mwaka mmoja wa matayarisho: hesabu, fizikia, Kijerumani, mtihani. Nikapita vizuri tu. Nikaingia uhandisi ujenzi, nikajiona nimetoboa.

Kumbe bado. Kuna somo linaitwa Technische Mechanik, umakanika wa vitu vilivyotulia: boriti, nguzo, nguvu zinazosukuma na zinazovuta. Ukumbini tulikuwa wengi mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi. Profesa akimaliza, watu wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo makofi yao hayo. Mahudhurio hayachukuliwi. Hakuna tesiti ya katikati, hakuna mwalimu wa kukuuliza mbona hukuonekana Jumanne. Unaachwa hivyo hivyo muhula mzima, halafu mwisho wanakuwekea dakika tisini.

Nikafanya nilivyozoea kwenye prepo. Nikakusanya madesa, nikakariri maswali yote yaliyopita na majibu yake. Mtihani ukaja, ile boriti niliyoikariri imegeuzwa, sehemu inayoning'inia haiko kulia tena, iko kushoto. Alama zangu za kujumlisha na kutoa zikavurugika, mimi nikabaki na kitabu kichwani kisicho na ukurasa huo.

Matokeo: 5.0.

Sasa huku 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 umepita kwa tundu la sindano, 5.0 umeanguka. Nyumbani GPA ya 5.0 ni kuchinja mbuzi. Nikapiga picha ile skrini, nikamtumia mdogo wangu tulie wote kidogo, yeye katika haraka zake akaitupa kwenye grupu la ukoo. Shangazi alikuwa wa kwanza: "Hongera mwanangu, tano kamili! Mungu mkubwa." Zikafuata keki, zikafuata maua. Babu mmoja akatuma sauti ya dakika nne ya dua. Ningesema nini? Nikaandika "Asanteni." Kwa mwaka mzima ukoo wetu ulikuwa na genius Ulaya.

Mara ya pili sina hadithi ya kuchekesha. Vyuma vilikaza. Mwanafunzi kama mimi anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, nami nikazifukuzia zote. Ghala la vifurushi, saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku, unapanga maboksi kwenye mkanda unaokimbia. Asubuhi naenda darasani mikono inatetemeka. Nikapata 5.0 nyingine. Hiyo sikuipiga picha.

Hapa naomba wadogo zangu mnisikilize vizuri. Nyumbani mtu ana sapu, anarudia mtihani; ana keri, analibeba somo mwaka unaofuata; na akidisko, yaani akiondolewa chuo, anaenda kuanza chuo kingine, maisha yanaendelea. Huku vyuo vingi vinakupa mara tatu kwa kila mtihani. Ukianguka ya tatu, kwa kawaida hiyo fani ndiyo umeagana nayo, hata ukihamia chuo kingine cha aina hiyo Ujerumani. Unaweza kuhamia fani nyingine, lakini ile ndiyo imefungwa. Na kibali chako cha kuishi kimeandikwa kwamba upo hapa kusoma, kwa hiyo na chenyewe kinaanza kukuangalia. Mimi nilikuwa nimebakiza moja.

Ni Desemba, saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, nimekaa na boriti yangu kwenye karatasi. Nikampigia baba. Sikumpigia kumwambia. Nilitaka tu kusikia mtu anayejua kujenga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekula?"

"Nimekula. Baba, ile roshani ya yule mzee wa Raskazone, tuliyomwaga zege mwaka ule nipo likizo. Mbona zile nondo nene uliziweka juu?"

Akacheka. "Sasa ningeziweka chini, zimshikie nani? Roshani imeshikwa nyuma tu, mbele haina nguzo. Watu wakisimama pale inainama mbele. Ikiinama, inachanika juu, pale inapotokea ukutani. Nondo unaweka panapochanika."

"Na ile bimu ya sebuleni?"

"Ile ina nguzo huku na huku. Inabonyea katikati, inachanika chini. Nondo chini. Kwani wewe si ndiye ulikuwa unanikatia waya wa kufungia ringi?"

Ngoja niwaonyeshe, maana simu isingeweza kuonyesha. Hii ni sponji ya vyombo, nimeichora mistari ya wima hapa ubavuni kwa kalamu. Naishika upande mmoja hivi, hii ndiyo ukuta. Nabonyeza ncha ya mbele. Mnaona? Mistari juu inaachana, chini inabanana. Zege ukilibana linavumilia sana, ukilivuta linakatika upesi. Basi pale mistari inapoachana ndipo chuma kinapotakiwa. Wale mnaopenda kuandika "dada unashusha nondo", leo nimezishusha kweli.

Na hapa ndipo kichwa kilipopata moto. Kile kitu kilichonitesa kinaitwa mchoro wa momenti, mstari unaoonyesha boriti inapindwa kiasi gani kila mahali. Wajerumani huuchora upande ule wa boriti unaovutika. Nilikuwa nauona mwaka mzima kama mlima na bonde, nakariri mlima uko wapi na bonde liko wapi. Kumbe ni ramani ya nondo za baba! Mstari ukiwa chini, nondo chini. Ukipanda juu ya nguzo, nondo juu. Nikafungua daftari, nikachukua maswali yote niliyoyakariri, nikaanza kuyachorea nondo kabla sijaandika hesabu hata moja. Nikikosea alama, mchoro wenyewe unanizomea: roshani gani hii yenye chuma chini?

Nisiwadanganye kwamba simu moja ilinipitisha. Kazi ya ghala niliipunguza ikabaki Jumamosi, nikala makaroni na mafuta miezi miwili. Nikajiunga na kikundi cha kusoma, Msiria mmoja, Mvietnamu, na binti wa hapa hapa ambaye naye alikuwa mara ya tatu. Na nikaenda saa za maswali kwa msaidizi wa profesa, jambo nililoliogopa tangu mwanzo, maana kwetu ukienda ofisini kwa mwalimu ujue umeitwa. Kijana wa watu kumbe anakaa pale peke yake anasubiri tu mtu aingie.

Siku yenyewe unaweka kitambulisho mezani, unaruhusiwa karatasi moja ya A4 uliyoiandika kwa mkono wako, fomula zako humo. Swali la pili: boriti juu ya nguzo mbili, mita mbili zinaning'inia upande wa kushoto, mzigo umewekwa kwenye ncha. Kushoto tena. Nilichora kiroshani kidogo pembeni ya karatasi, na mtu juu yake, nikampa na kanzu. Halafu ndiyo nikaanza kuandika.

Matokeo yametoka Alhamisi: 3.7.

Nimepita! Si kwa kishindo, nimepita. Baba nilimpigia nikamweleza yote, zile tano mbili, na kwamba hii ilikuwa ya mwisho. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na kuhusu kiwanja ungeniambia nini?" Halafu akaniambia nikalale.

Kwenye grupu la ukoo nikaona niseme mwenyewe safari hii, kabla mdogo wangu hajanitangulia. Nikaandika, "Nimepata 3.7." Kimya dakika kumi. Kisha shangazi: "Umeshuka mwanangu, lakini usikate tamaa. Tunakuombea urudi kwenye tano yako."

Sijamjibu mpaka sasa. Jamani ugali unaungua, kwaherini.