Ilimba ifuate kinanda, au kinanda kiipishe ilimba?

MAMA NEEMA: Mbukwenyi! Karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia kazi ya mtu anayepanga muziki wa maigizo ya jukwaani na kuuongoza. Mwalimu ameandaa hatua za kuanzia kwa vijana wa kwaya wanaotuandikia kila siku. Ila kwanza, Mwalimu, Jumamosi pale Kikuyu, hapa Dodoma, kulikuwa na nini? Simu yangu haikupumzika.

MWALIMU: Mbukwa, Mama Neema. Tulikuwa na mazoezi ya lile igizo letu la nyimbo. Kwaya ipo, kinanda kipo, tarumbeta zipo. Kijana mmoja kutoka Chamwino akaja na ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwa ajili ya onyesho la kijijini, yaani sehemu ya igizo inayotokea kijijini. Alipoanza peke yake ukumbi wote ulinyamaza. Kinanda kilipoingia, waimbaji wakagawanyika. Waliokaa karibu na kijana walimfuata yeye, waliokaa karibu na spika wakafuata kinanda.

MAMA NEEMA: Ukafanyaje?

MWALIMU: Nikamwomba asogeze vyuma, do yake, yaani noti yake ya msingi, ikae kwenye noti ya F ya kinanda.

MAMA NEEMA: Ndiyo hayo niliyopigiwa simu. Hapana, Mwalimu.

MWALIMU: Ngoja wasikilizaji waielewe kazi kwanza. Kwenye igizo la nyimbo, mtunzi mara nyingi anakuletea sauti ya wimbo na kinanda tu. Anayeamua filimbi iingie wapi, tarumbeta inyamaze wapi ili maneno ya mwimbaji yasikike, ni mpangaji wa vyombo. Kule Broadway, New York, Robert Russell Bennett alipanga vyombo vya maigizo ya nyimbo kama Show Boat mwaka 1927 na Oklahoma! mwaka 1943. Watu wanawajua watunzi, yeye wachache wanamjua. Hata tuzo za Tony, zile za maigizo ya Broadway, zilianza kutambua kazi hiyo mwaka 1997, na wa kwanza kuipata alikuwa Jonathan Tunick.

MAMA NEEMA: Na anayesimama mbele?

MWALIMU: Huyo anapumua pamoja na mwigizaji. Mwigizaji akichelewa kumaliza maneno, bendi inazungusha mapigo yaleyale mpaka amalize, na anayejua lini watoke hapo ni mwongozaji. Kwenye majumba makubwa wanamwelekezea kamera na kuweka televisheni upande wa watazamaji, mwimbaji amwone bila kuinamisha kichwa. Sasa mtu mwenye mzigo huo, unamwongezea vyombo visivyopatana?

MAMA NEEMA: Vinapatana, ila si kwa kipimo cha kinanda. Ukigusa uzi wa zeze taratibu bila kuubana, unatoa sauti nyingine ndogo za juu. Ngazi ya Wagogo imetoka kwenye sauti hizo za asili. Ile ya saba katika mfululizo wa sauti hizo iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-tani, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda. Sikio la mtu wa Chamwino linaijua tangu mgongoni kwa mama yake. Wewe unataka kuinyoosha.

MWALIMU: Kwa onyesho moja tu. Kesho anarudisha vyuma.

MAMA NEEMA: Anarudisha vingapi? Ilimba ina vyuma vinavyopigwa na vingine havipigwi kabisa, kazi yake ni kuitikia. Ukisogeza vile vya kupiga, vile vya kuitikia vinakosa mwenzao na vinanyamaza. Umebaki na sanduku la mbao lenye sauti kavu.

MWALIMU: Hilo la vyuma vya kuitikia nalikubali. Lakini Hukwe Zawose, yule mpigaji ilimba maarufu aliyezaliwa Doduma hapahapa kwetu, akafundisha Bagamoyo, alirekodi na Mkanada Michael Brook, na gitaa likiwemo. Ilimba haikufa.

MAMA NEEMA: Zawose alikuwa na ilimba kubwa, aliyoipanga mwenyewe, na ndiye alikuwa katikati ya kazi. Huyu kijana wako mmempa onyesho moja, halafu mnamwambia abadilike yeye.

MWALIMU: Kwaya nzima imejifunza kwa solfa na kinanda. Nani abadilike, watu wote wale?

MAMA NEEMA: Kinanda kinyamaze! Wewe si mpangaji? Kiandikie kimya. Waimbaji wamfuate kijana, na akina mama waingie na muheme, zile ngoma za wanawake wa Kigogo. Hata igizo la The Lion King lilipofika Broadway mwaka 1997, wapiga ngoma wengine waliwekwa juu, pembeni mwa ukumbi, nje ya shimo la bendi lililo mbele ya jukwaa. Walipewa nafasi yao.

MWALIMU: Ngoma haina do. Na onyesho la kijijini linaunganika na wimbo wa mjini bila kusimama. Kinanda kikinyamaza, soprano atatoa wapi noti ya kuanzia? Ataibeba ya ilimba, kisha tarumbeta zinamdondokea juu kwa noti nyingine.

MAMA NEEMA: Mpe tarumbeta moja imshike mkono, polepole.

MWALIMU: Tarumbeta imshike wakati anaimba kwa kunong'ona? Maneno yatapotea. Mimi naanzia kwenye maneno, Mama Neema. Mtu aliyelipa kiingilio asiposikia hadithi, nimemdhulumu.

MAMA NEEMA: Na mimi naanzia kwenye sauti. Bibi wa Mvumi akija akasikia ilimba inayoongea kama kinanda cha kanisani, naye amedhulumiwa, tena na watu wa nyumbani.

MWALIMU: Siwezi kukukubalia.

MAMA NEEMA: Na mimi sikubali. Kijana mwenyewe anasemaje?

MWALIMU: Aliondoka na ilimba yake kusikilizia. Alhamisi anarudi.

MAMA NEEMA: Akirudi, nitakuwepo.

MWALIMU: Karibu. Ila anayeongoza ni mimi.

MAMA NEEMA: Fundi ananionyesha saa. Na zile hatua zako?

MWALIMU: Hazisomeki kwa dakika moja. Nilitaka kuanza na kupiga kinanda kwenye mazoezi ya watu wengine, maana ndiko wengi wanakoanzia, kisha kumsaidia mwongozaji...

MAMA NEEMA: Muda umekwisha, Mwalimu. Wenye ilimba nyumbani, turekodieni vyuma vyenu jinsi vilivyo na mtutumie.

MWALIMU: Na wenye vinanda pia!

MAMA NEEMA: Alhamisi, saa kumi. Kwaherini.