Mzabibu, Njaa na Kitabu: Kusoma Tukiwa Dodoma

Mbukwenyi! Bwana asifiwe.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie maisha ya mwandishi na imani yake. Nikamwambia maisha ya mwandishi ni kukaa kitini, hayana la kusimulia. Basi nitazungumzia yale yanayoninyanyua hapo kitini: bustani, vitabu, na habari za kale za hapa kwetu. Imani itajitokeza yenyewe njiani.

Niseme mapema ninakoelekea. Wakristo wa Dodoma tunasoma Biblia kama watu wasio na kwao. Kitabu kimejaa ukame, visima, mifugo, njaa na mizabibu, halafu sisi tunaoishi katikati ya hayo yote tunangoja mhubiri kutoka mbali aje kutueleza maana yake.

Chukueni mzabibu. Kwenye nchi za baridi mzabibu hulala wenyewe: baridi ikiingia unapukutisha majani, joto likirudi unaamka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha, utaendelea kutoa majani na vikonyo, na matunda yatakuja hovyo hovyo. Kinachoupangia majira ni mkasi. Siku unayopogoa ndiyo siku unayoanza kuhesabu, na baada ya miezi kama minne unavuna. Ndiyo maana mkulima wa zabibu wa Dodoma anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Nina mizabibu michache nyuma ya nyumba. Anayepita baada ya kupogoa anadhani nimeiua, maana vimebaki vijiti vya kahawia tu. Lakini sogea asubuhi, kama udongo una unyevu. Pale palipokatwa pananing'inia tone la maji, safi kabisa. Linadondoka, linakuja jingine. Ni mizizi inasukuma maji juu. Siku chache baadaye vifundo vinavimba, na kichala kinachungulia mapema mno, majani hayajakunjuka vizuri, kikiwa na punje ndogo kama uwele.

Sasa rudini kwenye Yohana 15: "Kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa." Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya mstari huu yanaishia kwenye maumivu ya kukatwa. Mkulima wa Mpunguzi au Hombolo, akipewa mimbari, angehubiri vingine. Angesema tawi linalopogolewa ni lile ambalo mkulima amekwisha kulitegemea kwa mavuno ya msimu huu. Mimi ningependa kumsikia huyo. (Wachungaji mliopo mnisamehe, ila sifuti neno.)

Nimesema njaa. Mvua ya Dodoma ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, inakuja kwa mkupuo mmoja kati ya Desemba na Aprili, na katikati hapo inaweza kukatika mimea ikiwa bado michanga. Kwa hiyo historia ya Ugogo kwa sehemu kubwa ni historia ya maji. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita hapa, na watemi wakatoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji. Wasafiri wa Ulaya wamejaza kurasa wakiilalamikia hongo hiyo. Nikizisoma huwa nacheka. Mtu amechimba kisima, amekilinda kiangazi kizima, ng'ombe wake wanapimiwa maji, halafu lije kundi la wapagazi mamia wanywe bure? Injili nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Wamisionari wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, waliofika Mpwapwa mwaka 1876 walifuata barabara ya misafara, na misafara ilifuata maji.

Lakini si kila njaa ni ya mvua, na hapa ndipo naomba tukae kidogo. Wazee wetu waliita njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920 Mtunya. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita hapa, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia nao wakachukua. Kisha mvua ikagoma, na ghalani hakuna kitu. Nafaka iliyowekwa kwa ajili ya mwaka mbaya ilikuwa imekwisha liwa na majeshi.

Mkisoma Mwanzo 42, Yakobo anawatuma wanawe Misri kuhemea, yaani kutafuta chakula cha kununua. Kitabu cha Ruthu kinaanza na familia kuhama Bethlehemu kwa sababu ya njaa. Watu wetu wamefanya hayo yote mawili. Sijawahi kusikia mahubiri ya Ruthu yaliyoitaja Mtunya, na hilo linanisikitisha, kwa sababu kuna wazee katika jumuiya zetu waliolelewa na walionusurika.

Habari ya mradi wa karanga wa Waingereza kule Kongwa nitaipita haraka, maana mnaijua. Mwaka 1946 wataalamu walitumwa kutoka Uingereza, wakazunguka kwa wiki tisa, wakaandika ripoti, na mwaka uliofuata mradi wa karanga ukaanza. Mibuyu ikasumbua matrekta, udongo ukikauka ukawa mgumu kiasi cha kuzuia karanga zisichimbike, mvua ikawa haitoshi. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na pauni milioni 36 hivi zimepotea. Bibi yeyote wa Kongwa angewaambia habari za mvua kwa bakuli la mlenda.

Mwandishi ninayemwonea wivu ni Mathias Mnyampala, mzaliwa wa hapa, aliyezaliwa mwaka 1917, wakati wa Mtunya. Aliandika historia na mila za Wagogo, kitabu kilichotoka mwaka 1954, na mtu huyo huyo akaitunga Injili kwa utenzi. Vijana wanamjua kwa ngonjera, basi. Mimi navutiwa na huo upana: hakuona haja ya kuchagua kati ya habari za ukoo na habari za Kristo, akaziandika zote kwa Kiswahili safi cha mtu wa bara.

Kuna kikaratasi kimeletwa hapa mbele, kijana anauliza aanzie wapi. Anza na Ruthu, kijana wangu. Ni sura nne, unamaliza jioni moja. Kisha nenda kwa mzee wa kwenu, mpelekee sukari, umwombe akutajie majina ya njaa alizozisikia kwa wazazi wake, kila njaa na jina lake, na walikohemea. Andika kwenye daftari, na jina la aliyekusimulia uliweke. Na wale mnaotaka vipando vya zabibu, njooni nikishapogoa. Huwa naviweka kwenye ndoo ya maji pale uani, na nisipopata wa kuwapa mbuzi wa jirani wanavimaliza.