Mwanagenzi Apewe Spana

Mhadhara uliotolewa Kigoma mbele ya mafundi wakuu, walimu wa ufundi stadi na wazazi

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, mafundi wakuu mliofunga karakana zenu leo ili mje hapa, wazazi wangu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma. Wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Sitaeleza uanagenzi ni nini. Kila aliyekaa humu amewahi kumpeleka kijana kwa fundi, au kumpokea, au yeye mwenyewe ndiye kijana. Nina jambo moja, na wanaonifahamu wanajua nalirudia kila ninapopewa kipaza sauti. Kijana akirudi kutoka fildi tunamuuliza amekaa miezi mingapi. Hatumuulizi ni kazi zipi amezifanya kwa mikono yake mpaka zikaisha. Fundi anasaini, chuo kinapiga muhuri, barua inasema "amehudhuria kikamilifu". Amehudhuria, sawa. Anaweza kufanya nini? Hapo barua imenyamaza, na mwajiri anayeisoma hana pa kushika.

Tuchukue kazi moja tu tuifungue yote. Nachagua mashine za boti kwa kuwa tuko Kigoma: kubadilisha impela ya pampu ya maji kwenye injini ya kupachika, ile inayofungwa nyuma ya boti, tuseme ya nguvu ya farasi 40. Mafundi wa Kibirizi na Katonga, miwalo yetu ya kuegesha boti, mnaifanya macho yamefumba. Nivumilieni, nataka walimu na wazazi waone kazi inayoitwa ndogo imebeba mambo mangapi.

Injini ile haina rejeta. Inavuta maji ya ziwa kupitia matundu yaliyo mguuni, yaani sehemu ya chini inayozama majini, na impela, kile kipande cha mpira chenye mabawa, inayasukuma kupanda kwenye silinda, kisha yanatoka. Mchirizi unaouona pembeni injini ikiwaka ndio habari kwamba maji yanapanda. Ukikatika, una muda mfupi sana kabla pistoni haijashika. Na injini ikinoki usiku katikati ya ziwa, upepo umeanza, hapo hatuzungumzii tena bei ya vipuri, tunazungumzia watu waliomo ndani ya boti. Maji yetu hayana chumvi ya bahari ya kula vyuma, lakini mchanga tunao. Boti inaingizwa mwaloni mashine ikiwaka, kwenye kina kifupi, pampu inanyonya mchanga, na mchanga unasaga mpira na kukwaruza nyumba ya pampu.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, kabla ya spana yoyote, unachomoa waya za plagi na kile kipande cha usalama cha swichi ya kuzimia. Kijana akizungusha propela huku waya ziko mahali pake, injini inaweza kuwaka mkono wake ukiwa pale. Injini inasimama wima kwenye stendi. Unalegeza kiungo cha fimbo ya gia. Unafungua bolti za mguu, na baadhi ya mashine zina bolti iliyojificha chini ya kile kibawa kidogo kilicho nyuma ya propela. Asiyeijua ataona mguu umegoma kushuka, atachomeka bisibisi kwenye maungio na kukwangua, atakwaruza uso wa chuma ambao ulipaswa kukaa sawasawa na mwenzake. Mguu ukishuka, unashuka wima, kwa mikono miwili.

Unafungua bolti za nyumba ya pampu, unainua, impela hiyo. Hapa kuna kipande kidogo cha chuma kinachoishikisha impela kwenye shafti, mafundi tunakiita kii. Kikidondokea kwenye mchanga umekipoteza, na bila kii shafti inazunguka huku impela imesimama. Kwa hiyo kazi hii hufanyiwa juu ya trei au kitambaa cheupe. Nimesema cheupe, kile cheusi cha oili kinaficha kila kitu.

Hesabu mabawa ya impela ya zamani. Bawa moja likiwa limekatika, kazi haijaisha kwa kuweka impela mpya. Kile kipande kimekwenda wapi? Kimepanda na maji. Kimekaa kwenye bomba au kwenye njia za kichwa cha injini, na kitaziba. Ukifunga bila kukitafuta, mteja atarudi na mashine ileile inayochemka, atasema impela uliyomwekea ni feki, na wewe utalaumu duka. Tafuta kipande. Kisha pitisha ukucha kwenye sahani ya chini na ndani ya nyumba ya pampu. Ukucha ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na mchanga, nayo ibadilishwe.

Impela mpya inapakwa maji ya sabuni au grisi ifaayo kwa mpira. Unashusha nyumba ya pampu huku unazungusha shafti kwa mwelekeo wake wa kazi, mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu, ili mabawa yote yalale upande mmoja. Bolti zinakazwa kwa mshazari, kidogo kidogo. Unapaka grisi kwenye meno ya shafti, pembeni tu. Ukilundika grisi kwenye kichwa cha shafti itazuia isikae hadi mwisho. Ukipandisha mguu, bomba la maji liingie kwenye mpira wake. Meno yakikataa kuingia, zungusha gurudumu la juu polepole mpaka yakutane. Usiyavute kwa bolti. Mwisho, pipa la maji, na maji yafunike matundu ya kuvutia na pampu yenyewe. Usiwashe pakavu hata kwa kujaribu tu, maana impela inalainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma, na ikizunguka pakavu inaungua kwa sekunde.

Haya. Kijana aliyesimama pembeni ameshika tochi ameona nini? Ameona mguu umeshuka, kitu cheusi kimetoka, kingine kimeingia, mguu umepanda, mteja amelipa. Hakuona kii kwa sababu mkono wa fundi ulikuwa umekifunika. Hajui meno ya shafti yakikubali yanasikikaje mkononi, maana hilo halionekani kwa macho hata ungekaa hapo miaka mitatu. Miaka mitatu ya kushika tochi, kununua vocha na kufagia, halafu tunashangaa kijana ana cheti na haajiriki.

Ninachokiomba ni hiki, na ninakiomba kwa msisitizo. Kabla kijana hajatoka chuoni, mwalimu na fundi mkuu wakae wakubaliane kwa maandishi orodha ya kazi kamili. Isiandikwe "kujifunza injini". Iandikwe kuchanganya mafuta, na kijana ajue kwamba mashine inayotaka 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, inahitaji mililita 400 za oili kwenye dumu la lita 20. Kusafisha kabureta. Kupima mgandamizo wa silinda. Kubadilisha oili ya gia, kwa kumwaga kupitia tundu la chini na kujaza kupitia tundu hilohilo mpaka oili itokee la juu; ikitoka na rangi ya maziwa ajue maji yameingia na sili imekufa. Kubadilisha impela. Kazi kumi au kumi na mbili zinatosha kwa muhula.

Kila kazi ipite ngazi nne. Kwanza fundi anafanya, kijana anataja kila kifaa na sababu ya kila hatua, na akishindwa kutaja fundi anasimama. Pili, kijana anafanya kwenye mashine mbovu ambayo haina mteja. Tatu, anafanya kwenye mashine ya mteja, fundi yuko pembeni na mikono yake ameiweka mfukoni. Nne, anafanya peke yake, fundi anakagua kabla ya pipa la maji. Ngazi ya tatu ndiyo inayowashinda mafundi wetu. Kijana akikawia kidogo fundi anamnyang'anya spana, "lete hapa". Hiyo "lete hapa" inafuta somo zima.

Na daftari la kazi lisomwe. Madaftari yanayorudi chuoni yameandikwa "Leo tumetengeneza injini." Kesho yake, "Leo tumetengeneza injini." Mwalimu anatia tiki. Daftari la maana linasema hivi: "Farasi 40, stroki mbili. Malalamiko: haitoi maji. Impela imekatika bawa moja, kipande kimepatikana kwenye bomba la maji. Sahani ina mfereji, imebadilishwa. Mimi nimefungua na kufunga, fundi amekaza bolti za mwisho. Imejaribiwa pipani, maji yametoka." Mistari minne tu. Mwalimu akiisoma anajua kijana yuko ngazi gani, na fundi aliyesaini anajua amesaini nini.

Najua mnachotaka kusema. Fundi atasema: wavuvi wanatoka jioni, mteja amesimama mlangoni, nitampa wapi kijana muda wa kukosea? Hoja hiyo ni ya kweli, na jibu lake liko juu ya vichwa vyetu kila mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti, boti nyingi zinapumzika, na mashine zinaletwa kwa mafundi bila haraka ya kutoka jioni hiyo. Hizo ndizo siku za ngazi ya tatu na ya nne. Kwa nini basi chuo kinapeleka vijana kwa kalenda ya muhula peke yake, kana kwamba ziwa halina kalenda yake? Giza liwe la ngazi ya kwanza na mashine mbovu, mbalamwezi iwe ya mashine za wateja. Mwaka 2024 Serikali ilipopumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, boti zilikaa nchi kavu miezi mitatu. Kukiwa na pumziko la namna hiyo, karakana zipangiwe vijana mapema, siyo barua ipelekwe pumziko limebaki wiki mbili.

Mwingine atasema: nikimfundisha vizuri ataondoka afungue karakana yake mbele ya yangu. Ndiyo, huenda akaondoka. Lakini yule uliyemfundisha nusu naye anaondoka, na naye anafungua karakana, kisha anaharibu mashine za watu mpaka wavuvi wanaacha kuwaamini mafundi wote wa mwalo. Kama unataka akutumikie muda fulani baada ya kuhitimu, liandikwe kwenye makubaliano tangu siku ya kwanza, pamoja na posho atakayolipwa. Usimfiche kazi ukadhani umemfunga.

Makubaliano hayo nilitaka kuyachambua, lakini naona muda, kwa hiyo nayataja upesi. Yaseme saa za kazi, posho, nani ananunua miwani, glavu na buti, nani analipa kifaa kikivunjika, na kijana akiumia anapelekwa wapi kwa gharama ya nani. Umri uangaliwe: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 migodini, viwandani, kwenye meli na mahali pengine penye mazingira ya hatari. Karakana yenye petroli na mashine ya kusaga vyuma, mzazi usimpeleke mtoto humo kwa sababu amemaliza darasa la saba na anakusumbua nyumbani.

Wenzetu waliotoka Tabora waliniuliza kuhusu kuchomelea. Utaratibu ni uleule. Kijana aanze na vipande vya mabaki, sahani ya milimita 3, fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5, umeme ampea 70 hadi 90 kufuata maelezo ya pakiti, na fimbo ziwe kavu. Mshono haukaguliwi kwa kuupaka rangi. Kateni kipande, kibaneni kwenye jiliwa, kipindeni kwa nyundo. Ukifunguka, arudie. Mlango wa mteja usubiri.

Wasichana. Wapo wanaosoma ufundi magari na umeme, na tukiwapeleka fildi wanawekwa mapokezi kuandika risiti. Orodha ya kazi ni ile ile kwa wote, na mwalimu akikuta msichana yuko mapokezi amhamishe siku hiyohiyo.

Na ninyi mafundi mliojifunza mtaani mkawa mabingwa bila cheti: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unahojiwa, unafanya kazi mbele ya mtathmini, pengo likionekana unafundishwa, unapewa cheti. Chukueni. Ni vigumu chuo kumtetea fundi asiye na karatasi kama msimamizi wa mwanagenzi, hata kama ndiye bora mwaloni.

Nilikuwa na sehemu ya umeme wa majumbani, naiacha. Mwenyekiti ameniruhusu nusu saa baada ya chai. Mafundi mashine mkae meza ya karibu na dirisha pamoja na mwalimu wenu, wachomeleaji meza ya kati, umeme nyuma. Kila meza iandike kazi kumi, na mbele ya kila kazi iandike mashine mbovu au chuma cha kujifunzia kitatoka kwa nani. Karatasi zikusanywe kabla mtu hajaondoka. Wanafunzi kaeni hapohapo mezani na mafundi, na fundi akiandika kazi usiyoielewa muulize inaanzia spana gani.