Muziki wa kusubiri kwenye simu za intaneti: mhadhara kwa mafundi wa Mbeya

Kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe, na ugonile kwa wenyeji wa Rungwe. Leo nina jambo moja: mpigaji akiambiwa "subiri kidogo", asikie nini, na sauti hiyo itoke wapi? Mnafunga Asterisk, programu ya kuendesha simu za ofisi, kwenye zahanati, mahoteli na maghala ya kahawa kule Mbozi, kisha mwenye ofisi anasema, "Fundi, niwekee redio ya mtandaoni." Inawezekana. Lakini tupige hesabu kwanza.

Mkondo wa redio wa kilobiti 128 kwa sekunde hula megabaiti 57.6 kwa saa. Na tafadhali lishikeni hili: programu inayovuta redio huanza pale Asterisk inapowaka, na huendelea kuvuta hata kama hakuna anayesubiri. Usiku kucha, Jumapili, sikukuu. Kwa siku ni takriban gigabaiti 1.4, kwa mwezi zaidi ya 41. Kifurushi kinaisha, mteja anailaumu simu. Tafuta mkondo wa kilobiti 64, wa mono, yaani wa njia moja ya sauti. Sikio halitapoteza kitu, kwa sababu G.711, mfumo wa kawaida wa kusafirisha sauti ya simu, hubeba sampuli (vipimo vya sauti) 8000 tu kwa sekunde, na sauti yoyote iliyo juu ya hezi 4000 hukatwa.

Sasa faili la /etc/asterisk/musiconhold.conf. Andika hivi:

[redio]
mode=custom
application=/usr/bin/mpg123 -q -s --mono -r 8000 -f 8192 --timeout 10 http://anwani-ya-mkondo

Hapo mpg123 ndiyo programu inayovuta na kucheza redio. Herufi -s hupeleka sauti kwa Asterisk badala ya spika. Namba 8192 hushusha sauti hadi robo, maana kawaida yake ni 32768, na muziki wa redio ukiingia kwa nguvu zote hukwaruza kwenye simu. Timeout ni kinga: mtandao ukikatika, programu isibaki imeganda ikingoja milele; itakufa, na Asterisk itaianzisha tena. Wenye FreePBX, yaani kurasa za kupangia Asterisk kwa kivinjari, msihariri faili hili kwa mkono, huandikwa upya. Tumieni ukurasa wake wa muziki wa kusubiri.

Kabla ya kuamuru moh reload ili Asterisk isome mpangilio mpya, pima kwa jina la mtumiaji asterisk, si root (msimamizi mkuu):

sudo -u asterisk timeout 10 mpg123 -q -s --mono -r 8000 http://anwani-ya-mkondo | wc -c

Amri hii huhesabu baiti zinazotoka kwa sekunde 10. Sekunde moja ni baiti 16,000, hivyo tarajia kama 160,000, au zaidi, kwa kuwa seva nyingi humwaga data kwa kasi mwanzoni. Ukipata sifuri, mara nyingi mkondo ni wa AAC, aina nyingine ya sauti iliyobanwa, ambao mpg123 haiusomi, au anwani ni ya orodha ya m3u wala si ya mkondo wenyewe. Muziki ukitoka mzito na wa polepole kama mtu anayekoroma, umesahau --mono au -r 8000: Asterisk inapokea sampuli nyingi kuliko inavyodhani, inazicheza kwa mwendo wake.

Tatizo linalowasumbua wengi zaidi liko kwingine, kwenye kodeki, yaani njia ya kufunga sauti ili isafiri kwenye simu. G.729 hubana sauti hadi kilobiti 8 kwa kuiga koo la binadamu. Gitaa halina koo! Muziki hutoka umevurugika, na hakuna mpangilio wa mpg123 utakaouponya. Tumia G.711 ya A-law, na uzime ukandamizaji wa ukimya, unaoacha kutuma sauti ikiwa ndogo, la sivyo sehemu za muziki mtulivu zitakatwa vipande. Gharama yake ni takriban kilobiti 87 kwa kila simu kila upande. Redio huvutwa mara moja tu, lakini kila anayesubiri hupelekewa nakala yake: watu 10 wakisubiri, laini inapakia kilobiti 870.

Ushauri wangu kwa ofisi nyingi za huku juu ni huu: achana na redio. Hospitalini, ndugu wa mgonjwa anaweza kusubiri huku akisomewa matangazo ya vifo. Dukani, mteja atasikia tangazo la mshindani wako. Chukua muziki ulioruhusiwa na mwenye haki, uubadilishe mara moja:

sox muziki.wav -r 8000 -c 1 -b 16 tayari.wav

Uweke ndani ya /var/lib/asterisk/moh, mode iwe files. Dakika tano ni megabaiti 4.8 tu, na mvua za masika zikikata intaneti ya nje, simu za ndani zinaendelea na muziki wake.

Mwisho wa kazi, piga kutoka simu ya mkononi, nje ya mtandao wa ofisi, ukae unasubiri dakika tano nzima. Dakika ya kwanza haitoshi, kwa sababu akiba ya mwanzo huficha mkondo dhaifu.

Sasa maswali, tuanze na wa nyuma.