Figo ya kaka yangu na dozi ya daku

BAKARI: Haya jamani assalaam aleykum, tuko hapahapa Tanga, Ngamiani, feni inapiga kelele mtatuvumilia. Dada Zuhura, leo figo. Wengi mtaani wanajua ulimpa kaka yako.

ZUHURA: Waaleykum salaam. Nilimpa 2014, tulikwenda India, maana hapa kwetu upandikizaji ulikuwa haujaanza, Muhimbili wameanza Novemba 2017, Dodoma pale Benjamin Mkapa 2018. Sasa kila mtu ananiuliza habari za kisu tu, walikukata wapi, uliumia vipi, hakuna anayeuliza miaka iliyofuata, na shughuli yenyewe iko huko.

BAKARI: Kwani akishawekewa si ndo kapona?

ZUHURA: Hajapona Beka, katoka kwenye mashine. Na si jambo dogo hilo, alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne manne, akirudi hata kikombe cha chai hawezi kushika. Lakini mwili unaijua ile figo kuwa ni mgeni, hata kama imetoka kwa ndugu yake tumbo moja, kwa hiyo anakunywa dawa za kuituliza kinga isiishambulie, takrolimasi kila masaa 12, na ataendelea muda wote figo ikiwa inafanya kazi.

BAKARI: Na inadumu miaka mingapi?

ZUHURA: Ya mtu aliye hai mara nyingi miaka 15 mpaka 20, wengine wanapitisha, ya marehemu kwa kawaida inakuwa pungufu. Ila inategemea sana unavyoitunza. Mwaka wa nne kaka alikuwa mzima kabisa, anabeba magunia, ukamkuta Ramadhani akaamua kufunga bila kumwambia daktari. Akapanga mwenyewe, dozi moja futari, nyingine daku. Sasa daku usingizi unampitia, anaamka kumekucha, anasema ameshafunga basi, atakunywa jioni. Siku nne tano hivi kwa mwezi mzima.

BAKARI: Na haumwi?

ZUHURA: Haumwi popote! Hicho ndo kinanitisha mpaka leo, figo inashambuliwa na mtu anacheza bao. Baada ya Idi akapima damu, kreatinini, ule uchafu wa damu ambao figo inatakiwa kuutoa, imepanda, tukakimbizana naye, akalazwa akapigwa dozi kubwa za steroidi kwenye mshipa. Ikashuka, ila haikurudi pale ilipokuwa. Mimi nililia Beka, nilijifungia chumbani nikalia, maana ile ni nyama yangu.

BAKARI: Pole dada yangu. Sasa hivi anafunga?

ZUHURA: Hafungi, analisha maskini. Wapo wanaoruhusiwa, lakini ni daktari wako anayeangalia vipimo vyako ndo aseme, sio jirani.

BAKARI: Na vyakula je?

ZUHURA: Balungi kaambiwa asiguse, linapandisha dawa kwenye damu mpaka inakuwa sumu kwa figo ileile. Na sisi hapa na Muheza yetu, msimu wa machungwa mtu anakuletea kikapu kizima na mabalungi humo humo, sasa mkewe anachambua kwanza. Halafu jua, zile dawa zinaongeza hatari ya saratani ya ngozi, kwa hiyo shati la mikono mirefu na kofia. Sukari nayo, wengine inawaanza baada ya kupandikizwa, anapimwa kila akienda kliniki.

BAKARI: Na wewe uliyebaki na moja?

ZUHURA: Alhamdulillah, iliyobaki inajitanua kidogo inafanya kazi zaidi. Mimi dawa sinywi, ila kila mwaka napima presha, mkojo na damu, sikosi. Jumatatu nakwenda hospitali ya Bombo. Wewe presha umepima lini?

BAKARI: Mmh. Sikumbuki dada.

ZUHURA: Na baba yako alikuwa nayo, na presha ndo inayoua figo kimyakimya. Jumatatu saa mbili asubuhi nakupitia, uwe umeshavaa.

BAKARI: Nitakuwa barazani.