Tengeneza koma ya kometi mezani kwa chupa, unga na tochi

Haya jamani karibuni, niko Mikindani hapa, leo tunatengeneza kometi, ile nyota yenye mkia, au tuseme lile wingu la kichwani linaloitwa koma, mimi nalipenda kuliko hata huo mkia. Chupa tupu ya maji, mdomo ufunike na kipande cha kanga kuukuu, kaza na rababendi. Hapo tayari.

Sasa unga. Wa muhogo, changanya na mchanga laini wa ufukweni, kidogo tu, na UWE MKAVU. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, unga unashikana, kwahiyo anika juani au upitishe kwenye kikaango. Narudia, mkavu kabisa.

Zima taa, tochi ya simu iweke ng'ambo ya chupa ikuelekee wewe. Vumbi linang'aa zaidi mwanga ukitokea nyuma yake, ndo maana Oktoba 2024 kometi Tsuchinshan–ATLAS ilipopita kati yetu na Jua iling'aa sana siku chache. Mshumaa hapana jamani, unga ukiwa hewani unashika moto.

Weka kamchanganyiko juu ya kitambaa, bonyeza chupa taratiiibu... umeona! Hiyo hewa ndo gesi yetu. Kwenye kometi Jua linapasha barafu, na haiyeyuki, inageuka gesi moja kwa moja na kuchomoka na vumbi. Ikiwa umbali wa Dunia kutoka kwa Jua gesi inafika karibu kilomita 1 kwa sekunde, ila vumbi haliiwezi kasi hiyo, punje nzito ndo kabisa, zingine zinarudi kuanguka palepale, chombo cha anga Rosetta kilikuta hivyo kwenye kometi 67P.

Usiachie chupa ghafla! Inavuta unga, kitambaa kinaziba, huna koma tena. Pangusa unga kwanza ndo uachie. Pangusa, halafu achia.

Ngoja... upepo wa kusi umepita chini ya mlango, wingu lote limelala upande. Ziba na nguo. Haya, tena.

Sasa washa feni, spidi ndogo, iwe mbali. Ni kama kupepeta ufuta, laini inaenda, nzito inadondoka karibu. Feni ndo mwanga wa Jua, maana mwanga nao unasukuma vumbi. Gesi ikishasogea kidogo tu kutoka kwenye kiini, lile bonge la barafu na vumbi la katikati, inakuwa nyembamba mno, inaliachia vumbi, kuanzia hapo Jua ndo linaamua, na hapa ndo napapenda mimi, kiini cha 67P ni kama kilomita 4 tu, lakini koma ya kometi Holmes mwaka 2007 ilitanuka mpaka ikalizidi Jua kwa upana!

Kuna wanaofunga nailoni ya kijani kwenye tochi ifanane na picha za kometi zenye kichwa cha kijani. Msifanye, mtapaka rangi vumbi. Kijani ni ya gesi, molekuli za atomi mbilimbili za kaboni, na mwanga wa Jua unazivunja kabla hazijafika mkiani, ndo maana kichwa kijani, mkia wa vumbi weupe wenye unjano. Tochi iacheni nyeupe.